Hodi Bila Karibu

Mpenzi msikilizaji, habari za jioni hii? Za nyumbani? Za kazi? Watoto hawajambo?

Najua umejibu. Wengine mmejibu kwa sauti, tena kwa ukamilifu, kama vile nimeketi hapo barazani kwenu. Lakini mimi huku studioni sijasikia neno. Nina kipaza sauti mbele yangu, fundi mitambo nyuma ya kioo, na saa ya ukutani inayonikodolea macho. Nimekusalimu, umeniitikia, na bado hatujasalimiana. Jioni hii nataka tuliangalie hilo pengo kati yako na mimi, maana katika habari nzima ya mawasiliano ya binadamu, naamini hapo ndipo mambo yanapoharibikia.

Vijana wanaosomea uandishi wa habari hufundishwa kwamba mawasiliano yana sehemu zake: mtoa ujumbe, ujumbe wenyewe, njia unayopitia, mpokeaji, na mrejesho. Mrejesho hukaa mwisho wa orodha, na kwenye mtihani ndio unaosahaulika. Mimi ningeuweka wa kwanza. Kusema ni rahisi, hata kasuku anasema. Ugumu ni kujua kama ulichosema kimefika, na kama kimefika vilevile kilivyotoka kwako.

Wazee wa pwani waliliweka jambo hili mlangoni. Mgeni akifika hasimami nje akaanza kutangaza shida yake. Anabisha hodi, anasubiri. Kimya? Anabisha tena. Mara ya tatu ikiwa kimya, anageuka na kurudi alikotoka, hata kama anasikia redio inaongea ndani na harufu ya samaki wa kukaanga imeshamfikia. Adabu hii ina mizizi katika mafundisho ya Uislamu, lakini leo utaikuta kwa watu wa dini zote, bara na visiwani. Hodi tatu zisizoitikiwa ni jibu tayari. Mwenyeji hakulazimika kutoka na kusema hataki wageni, na mgeni hana sababu ya kununa. Ukiichunguza, hodi haibebi habari yoyote. Inauliza tu kama njia iko wazi, na mpaka iitikiwe "karibu", hakuna kingine kinachosemwa.

Salamu zetu zinafanya kazi hiyohiyo kwa kirefu zaidi. Mwaka 1923 mtaalamu mmoja wa mila na desturi, Bronislaw Malinowski, aliandika kwamba maneno mengi ya binadamu hayapeleki habari kokote. Yanafunga uhusiano tu kati ya wanaozungumza. Alikuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand, katika Papua Guinea Mpya ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Angepita Ujiji au Pangani angepata ushahidi wa kujaza kitabu kingine. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za toka juzi? Nzuri tu. Mtu ambaye usiku mvua imemwangushia ukuta naye ataanza na "nzuri", kisha ndipo aseme, "ila..."

Wageni wengine hulishangaa hilo, wakaliita unafiki. Wanakosea. Hebu msikilize anayejibu. "Nzuri" ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili imechelewa kidogo. Ya tatu imeshuka chini na ina pumzi ndani yake. Kabla ya kufika kwenye "ila", mwenzake keshajua kuna jambo, keshashusha mzigo wake chini, na pengine keshaketi. Habari ya msiba au hasara inahitaji masikio yaliyokwisha kufunguliwa, na salamu ndizo zinazoyafungua. Anayemrukia mwenzake kwa habari nzito bila salamu tunamwuliza, "Kwani hata salamu hakuna?" Si kwamba tumekasirika. Tulikuwa bado hatujawa tayari kumsikia.

Wataalamu nao walichora michoro yao. Mwaka 1948 mhandisi wa Kimarekani wa maabara za Bell, Claude Shannon, alichapisha makala iliyoweka msingi wa teknolojia ya habari tunayoitumia leo, kuanzia simu ya mkononi hadi intaneti. Mchoro wake ulikuwa na chanzo cha ujumbe, kirushio, njia, kipokeo na mwisho wa safari. Pembeni akaweka kelele, yaani chochote kinachoingilia ujumbe njiani. Mshale wake ulikwenda upande mmoja. Shannon hakukosea, maana alisema waziwazi mwanzoni mwa makala yake kwamba maana ya ujumbe si shughuli ya mhandisi. Yeye alitaka herufi zilizotumwa zifike zilivyo. Waliokosea ni sisi walimu, watangazaji na maofisa tuliouchukua mchoro wa waya tukaufanya mchoro wa watu. Mpaka leo utamsikia kiongozi akisema "wananchi wameshapewa taarifa", kwa sababu tu tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata.

Lakini mchoro ni mchoro. Niruhusu nikusimulie habari ya kweli ambayo, kwa maoni yangu, inafundisha kuliko vitabu vingi vya somo hili.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, visiwa vya Kanari vya Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, kwa hiyo ndege zilizokuwa zikielekea huko zikaagizwa kutua Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife, uliojengwa juu milimani ambako mawingu hushuka mpaka chini. Uwanja ukafurika. Miongoni mwa ndege hizo zilikuwapo Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM la Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani.

Gran Canaria ilipofunguliwa, kila mmoja alitaka kuondoka. Njia ya pembeni ilikuwa imezibwa na ndege zilizoegeshwa, ikabidi ndege hizi kubwa zipite kwenye barabara yenyewe ya kurukia. KLM ikaenda mpaka mwisho ikageuka, tayari kuruka. Pan Am ilikuwa bado inatambaa kwenye barabara ileile, ikitafuta mahali pa kuchepukia. Ukungu ukatanda. Marubani wa KLM hawakuiona Pan Am, wa Pan Am hawakuiona KLM, na mwongozaji ndege aliyekuwa mnarani hakuiona hata moja. Uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizoko ardhini. Wote walibaki na kitu kimoja tu cha kutegemea: sauti redioni.

Mwongozaji akawapa KLM maelekezo ya njia watakayofuata wakishapaa. Hayo hayakuwa ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi akayarudia, kisha akaongeza maneno kwamba sasa wako kwenye kuruka. Wakati anasema hivyo, nahodha alikuwa ameshaachia breki na ndege inakwenda. Mwongozaji alimwelewa kwamba wamesimama pale tayari, wanasubiri. Akajibu "OK". Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Katika sekunde hizohizo marubani wa Pan Am, wakiwa wameingiwa na wasiwasi, wakatangaza kwamba wao bado wamo barabarani. Sauti mbili zikaingia kwenye masafa mamoja kwa wakati mmoja. Katika chumba cha marubani wa KLM ikasikika "OK", kisha mlio mkali wa mitambo. Neno lililofanana na ruhusa likafika, maneno ya zuio yakazama.

Bado palikuwa na nafasi ya pili. Mwongozaji akawaambia Pan Am wamjulishe wakishatoka barabarani, nao wakajibu kwamba watamjulisha. Hilo lilisikika. Mhandisi wa ndege ya KLM, aliyeketi nyuma ya marubani, akalisikia na akauliza: kwani yule wa Pan Am hajatoka? Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba ametoka. Nahodha huyo hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za 747 katika shirika lake, na picha yake ilikuwa kwenye matangazo ya kampuni. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndege hizo ziligongana. Watu 583 wakafa, wakiwamo wote 248 waliokuwa ndani ya KLM. Waliopona walikuwa 61, wote wa Pan Am. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Msikilizaji, tazama vizuri. Hapakuwa na mwongo. Hapakuwa na mjinga. Wote walitumia lugha moja ya kazi, Kiingereza, na redio zao zilifanya kazi. Kila mmoja alisema alichokusudia kusema, na kila mmoja akasikia kile alichokuwa anakisubiri. Nahodha alisubiri ruhusa, basi "OK" ikawa ruhusa. Mwongozaji alitarajia ndege iliyosimama, basi akasikia ndege iliyosimama. Kelele ya mitambo ilichangia, sawa, lakini kelele iliyoua zaidi ni ile ya ndani ya kichwa, ya mtu aliyekwisha kuamua atakachosikia.

Na yule mhandisi? Huyu ndiye anayenisumbua zaidi. Aliuliza swali sahihi, kwa wakati sahihi. Kilichomshinda ni cheo. Mara ngapi tumekaa vikaoni, mwenyekiti anauliza "Kuna swali?" huku tayari anafunga faili? Kimya. "Basi tumeelewana." Kumbe nusu ya kikao hawajaelewa, na robo nyingine wameona tatizo ila wanaangalia nani ataanza.

Baada ya Tenerife, watu wa ndege walibadilika, na hili naliona ni la kuigwa. Neno la kuruka likawekewa mipaka: hutamkwa redioni pale tu ruhusa inapotolewa au inapofutwa, wakati mwingine wote hutumika neno jingine. Agizo likitolewa, kuitikia "sawa" peke yake hakutoshi. Rubani lazima alirudie agizo lenyewe, na aliyelitoa lazima asikilize likirudiwa, asahihishe palipopinda. Na baada ya mkutano ulioitishwa na NASA mwaka 1979, mashirika yakaanza kuwafundisha marubani wadogo kusema wanapoona hatari, na manahodha kusikiliza wanapoambiwa. Yaani watu waliofundishwa kurusha ndege ilibidi wafundishwe upya kuzungumza.

Sasa turudi nyumbani, maana si kila ujumbe hufaa kusemwa uso kwa uso na kurudiwa neno kwa neno. Kuna mambo ambayo jibu lake likiwa "hapana", ukoo mzima unaumia. Kwa hayo tukaweka mshenga. Kijana akitaka kuposa hamfuati baba wa binti akamwambia nataka kumwoa mwanao. Anatumwa mtu mzima mwenye ulimi wa kutulia, anabeba barua iliyokunjwa vizuri, mara nyingi imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na pesa ya kishika uchumba. Anafika, anabisha hodi, anasalimia kama kawaida, anakunywa chai. Barua inapokewa lakini haijibiwi palepale. Wenyeji wanasema wataisoma na wataita. Siku zikipita, jibu linakuja nalo kwa barua, likitaja mahari na mkaja, au halitaji kitu na mshenga akaelewa. Kama ni kukataliwa, aliyekataliwa ni mshenga na karatasi yake. Kijana atakutana na baba mkwe asiyekuwa mkwe sokoni, watasalimiana, maisha yataendelea. Watu wa haraka huuona utaratibu huu kama kuzungukazunguka. Mimi naona umepangwa kwa akili sana, kwa sababu anayejibu amepewa muda wa kufikiri na mlango wa kukataa bila kugombana.

Kanga nayo ni njia ya kusema bila kusema. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi ya chini. Mwanamke akijifunga kanga yenye jina la kijembe akapita mbele ya jirani wanayetofautiana, ujumbe umefika mtaa mzima. Jirani akihamaki, jibu liko tayari: "Jamani, mimi nimependa rangi tu." Hapo aliyehamaki ndiye amejitoa mwenyewe. Wenye busara huwa hawajibu kwa mdomo. Wanasubiri wiki moja, wanakwenda dukani, wanachagua kwa makini, kisha nao wanapita. Hayo ni mazungumzo kamili, yana zamu na yana jibu, ila hayana shahidi wa kupeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Nikishafika kwenye kusema bila maneno, nitoe dukuduku langu. Utawasikia watoa mada kwenye semina za hotelini wakisema asilimia 93 ya mawasiliano haiko kwenye maneno, iko kwenye sauti na uso. Chanzo chake ni Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani, na tafiti mbili za mwaka 1967. Zilihusu jambo dogo mno: mtu akitamka neno moja, na neno, sauti na uso vikawa vinapingana, msikilizaji ataamini kipi katika kukisia kama msemaji ana hisia nzuri au mbaya naye? Kwa hilo tu zikapatikana zile 7, 38 na 55. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo yote. Anayetaka kuamini asilimia 93 na amwombe mtoa mada aendeshe semina iliyobaki kimyakimya, kwa mikono na nyusi, tuone kama washiriki watajua hata muda wa chakula.

Mikono inayozungumza kweli ni ya viziwi. Lugha za alama si ishara za kubahatisha. William Stokoe wa chuo cha Gallaudet, Washington, alionyesha mwaka 1960 kwamba lugha ya alama ya Marekani ina mpangilio wake kama lugha nyingine yoyote, na Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Kwa mada yetu ya leo nina jambo moja la kuongeza. Katika lugha ya alama huwezi kumsemesha mtu aliyekupa kisogo. Lazima kwanza umguse bega, au upunge mkono, au uwashe na kuzima taa, mpaka akutazame. Sisi tunaosikia tunaweza kumsemesha mtu anayeangalia simu yake kwa nusu saa nzima.

Maandishi yana tabu yake: yanafika bila sauti na bila uso. Barua za kale kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimehifadhiwa kwenye nyaraka za Goa, India. Karne mbili na nusu baadaye watoto wa shule walikuwa wakifundishwa barua ya kirafiki, na wengi mnakumbuka mwanzo wake: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya. Tuliyacheka maneno hayo tulipokuwa wakubwa. Lakini ndiyo yaliyokuwa hodi ya karatasi. Mwandishi alijua jibu litachelewa wiki tatu, akaanza kwa kusalimia na kujisalimia mwenyewe.

Kisha ikaja simu ya mkononi, na Waswahili wakaonyesha ufundi wao. Vocha ilikuwa ghali, tukabuni kubipu. Bipu moja, nimefika salama. Mbili, nipigie. Ujumbe usio na neno hata moja, usiolipiwa hata senti, na unaeleweka kwa sababu wawili walikubaliana mapema. Ikaja pesa ya simu, M-Pesa ikianzia Kenya mwaka 2007, na hapo ndipo napenda kukaa kwenye benchi la wakala nikasikiliza. "Namba ni hii, jina litakuja Rehema." Mtumaji anaandika namba, anasimama, anasoma jina kwa sauti: "Rehema nani?" "Rehema Saidi." "Haya." Ndipo anabonyeza. Ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye simu zote mbili, na hakuna anayeondoka kabla haujaingia. Hakuna aliyewapeleka bibi zetu chuo cha urubani, lakini pesa ikiwa mkononi wanarudia agizo, wanathibitisha na wanasubiri, kama walivyojifunza watu wa ndege kwa damu ya watu 583.

Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana ujumbe wao hukimbilia katikati ya mazungumzo: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo." Hela ipi? Tapeli hajui. Anamtafuta mtu ambaye siku hiyo kweli ana hela ya kumtumia fundi au mwenye nyumba, akaijaza mwenyewe maana iliyokosekana. Dawa yake ni kupiga simu na kuuliza, jambo la nusu dakika.

Na zile tiki mbili za buluu za WhatsApp, zilizoanza Novemba 2014? Zimevunja uchumba wa watu. Zinakwambia ujumbe umefunguliwa. Hazikwambii umesomwa mpaka mwisho, wala umeeleweka, wala kama aliyeufungua alikuwa kwenye daladala amesimama mguu mmoja. Tumepewa kitu kinachofanana na jibu, tukakichukua kuwa ni jibu.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu mwenyewe, maana nisipoisema nitakuwa nimewaponda wengine tu. Redio kwa asili yake inasema haisikii. Wazee wenu walijaribu kuizibia pengo kwa kadi za salamu: unanunua kadi, unaandika majina ya ndugu na marafiki, unaipeleka posta, halafu unakaa na redio siku nenda siku rudi usikie lini jina lako litasomwa. Lilikuwa jambo zuri. Lakini lililokwenda mbali zaidi lilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973.

Ingekuwa rahisi kwa Radio Tanzania Dar es Salaam kutangaza tu kwamba wananchi wachimbe vyoo, wafukie madimbwi, wachemshe maji. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuishia hapo. Vijijini viliundwa vikundi vya kusikiliza, wakafunzwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na takribani watu milioni 2 wakashiriki. Kikundi kinakusanyika, kinasikiliza kipindi, redio inazimwa. Kisha kijitabu kinasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe. Kisha watu wanaulizana: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi? Kichocho cha watoto kinatoka bwawa lipi? Kisha wanaamua nani atafanya nini kabla ya wiki ijayo. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu. Leo tuna vituo vya redio lukuki na namba za kupiga studioni, na mara nyingi tunazitumia kuulizana nani atashinda, Simba au Yanga. Sisemi vibaya, mimi mwenyewe ni shabiki. Nasema redio inayozimwa ili watu wazungumze ilifanya kazi ambayo redio inayoongea saa ishirini na nne haijaifanya.

Kabla dakika hazijaniishia, nikupeleke kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa amekaa foleni tangu alfajiri. Anapewa bahasha ndogo imeandikwa 1 x 3, anaambiwa kwa haraka, anaulizwa "Umeelewa?" Anasema ndiyo. Kila mtu husema ndiyo. Nani atamwambia mwenye koti jeupe kwamba hakuelewa, na watu wako nyuma wanasukumana? Kadi yake ya kurudi imeandikwa 8:00. Yeye anasoma saa nane, anafika jua limepinda, daktari aliyemsubiri saa mbili asubuhi ameshaondoka. Hapo hapana mwongo wala mjinga, kama pale Tenerife.

Kwa hiyo ninakuomba, msikilizaji. Kesho ukiwa kwenye dirisha hilo, wewe au mama yako, usiondoke kwa "ndiyo". Mrudie mhudumu: nimeze kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, baada ya kula, mpaka viishe, na nirudi Jumanne saa mbili asubuhi, sivyo? Na wewe uliye upande wa ndani wa dirisha, najua foleni ni ndefu na mko wachache. Usimwulize kama ameelewa. Mwambie akueleze atavimezaje akifika nyumbani, halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.